Mkalimani Mbovu

Uongo wa Twalibu haukuanza kama uongo. Ulianzia stesheni ya Tabora, siku aliyoshuka kwenye treni ya kutoka Dar es Salaam na boksi kubwa la kompyuta lililofungwa kamba za katani. Watu walimzunguka kumsaidia kubeba, na mmoja akauliza, "Hii ndiyo uliyosomea huko Ulaya?" Twalibu alikuwa amechoka, shingo inamuuma kwa kulala ameketi. Akajibu, "Ndiyo." Neno moja tu, la kujiondolea maswali. Kabla boksi halijafika nyumbani kwao Kanyenye, mji mzima ulikuwa umeshapata habari kwamba mtoto wa Bi Mwanajuma amerudi kutoka Uingereza amesomea kompyuta, na kompyuta yenyewe kaja nayo.

Ukweli ni kwamba Twalibu alikwenda kozi fupi ya utunzaji wa ghala. Alifundishwa namna ya kupanga magunia yasishike unyevu, namna ya kutanguliza mali ya zamani kabla ya mpya, na namna ya kupambana na panya. Mashine alipewa na mzee mwenye nyumba alimopanga. Mtoto wa yule mzee alikuwa amenunua mpya, hii ya zamani ikawa imesukumwa chini ya ngazi inakula vumbi, na siku ya kuagana mzee akamwambia aichukue kama anaitaka. Akamwonyesha namna ya kuiwasha, namna ya kuingiza disketi, na mchezo wa mpira unaodundadunda ukutani. Basi. Hiyo ndiyo elimu yote ya kompyuta aliyorudi nayo, na mtu mwenye haya angeisema siku ile ile ya kwanza.

Lakini hebu jiweke mahali pake. Ulikuwa mwaka wa Rais kung'atuka, sabuni haionekani, sukari kwa foleni, na mwenye redio ya kaseti alihesabiwa kuwa mtu aliyeendelea. Halafu huyu ana kioo kinachowaka maandishi ya kijani sebuleni kwake! Kazini, kwenye ghala la tumbaku, wakaanza kumwita Mtaalamu. Wazee waliokuwa wakimwita "wewe kijana" sasa walimwita Ndugu Twalibu, wakasimama kabisa barabarani kumjulia hali. Heshima ile ilikuwa tamu, na mimi simtetei, aliilamba yote bila kubakisha.

Hata Zamda, mkewe, aliamini. Zamda alikuwa binti wa Mzee Shomari, fundi baiskeli wa Bukene, mwanamke wa maneno machache ambaye ukimwambia jambo analichukua kama ulivyolisema. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla mumewe hajasafiri. Sasa, miezi kadhaa baada ya mume kurudi, alikuwa na ya tatu. Ilikuwa siri ya watu watatu mle ndani, yeye, mumewe na mama mkwe, na hata wao hawakuitaja kwa jina lake. Zamda alitembea taratibu kama aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni, na alipolala Twalibu alimsikia akihesabu miezi kwa kunong'ona.

Bi Mwanajuma, mama wa nyumba, hakuwa na neno na mashine. Neno lake lilikuwa na wanaokuja kuitazama. "Wanaoingia humu hawaji wote kwa heri, mwanangu," alisema, na kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri alikiweka chetezo chini ya meza ya kompyuta, akatia ubani na udi, akaacha moshi upande na kupenya kwenye matundu yote ya mashine mpaka sebule inukie kama penye maulidi. Akimaliza hapo alikihamishia chetezo kwa Zamda, akamfukiza na yeye. Twalibu alicheka tu. Wala hakuwa na sababu ya kukataza, kwa kuwa hakujua kilichomo ndani ya mashine ile zaidi ya alivyojua mama yake.

Ikaja zamu ya Mzee Nassibu. Mzee huyu alikuwa balozi wa nyumba kumi, naye akapeleka habari kwamba Jumapili alasiri atakuja kuikagua mashine, ajiridhishe kuwa si redio ya kuongea na maadui wa taifa. Alikuja na wazee wengine watatu. Pamoja nao alikuja jirani, Mwalimu Damas wa shule ya msingi, na kamusi yake ya Kiingereza kwapani, maana alisikia kwamba mashine inasema Kiingereza na hakutaka kupitwa. Zamda na Bi Mwanajuma walikuwa nyuma ya pazia, ukumbini, wakitengeneza chai.

Twalibu alivaa shati la Ulaya. Akaingiza disketi kwenye mdomo wa mashine, akawasha. Ikavuma, ikakwaruza kidogo, kisha yakatokea maandishi badala ya kuamka. Mwalimu Damas hakungoja kuombwa. Akafungua kamusi, kidole kikikimbia kwenye kurasa.

"Inasema badilisha," akatangaza. "Kisha piga... ufunguo. Piga ufunguo wowote ukiwa tayari."

"Wowote?" Mzee Nassibu akapeleka mkono mfukoni, akatoa ufunguo mkubwa wa kufuli. "Hata huu wa banda langu la kuku?"

Wote wakaangua kicheko. Hili Twalibu alilijua, nalo likampa kichwa. "Huo ufunguo ni kitufe, Mzee wangu," akasema kwa upole wa mtu anayefundisha watoto. "Ndiyo lugha yao." Akachomoa disketi, akairudisha, akabonyeza, na mashine ikaamka. Wazee wakaguna kwa kustaajabu. Mwalimu Damas akaandika kitu kando ya ukurasa wa kamusi. Twalibu alijisikia mrefu.

"Mashine hii, wazee, haikosei," akaendelea. "Binadamu anakosea. Hii haikosei."

Kisha akaiagiza imwonyeshe orodha ya vilivyomo kwenye disketi, kwa sababu majina yakishuka kwenye kioo kwa wingi yalipendeza na yalionekana kazi kubwa. Mashine ikaanza, ikakwama, ikakoroma. Yakatokea maneno matatu na alama ya kuuliza: Abort, Retry, Ignore?

Maneno haya Twalibu alikuwa ameshakutana nayo. Wiki zile za karibuni yalimjia mara kwa mara, na alikuwa amegundua kwamba akibonyeza herufi ya kwanza yanaondoka. Maana yake hakuwahi kuitafuta hata siku moja.

Mwalimu Damas akalitafuta la kwanza. Akasoma kimya, akakohoa, akasoma tena.

"Mwalimu, mbona umetuachia njiani?" akauliza Mzee Nassibu.

"Kamusi inasema..." Akashusha sauti, lakini sebule ilikuwa ndogo. "Inasema haribu mimba. La pili ni jaribu tena. La tatu ni puuza."

"Yaani inauliza?"

"Alama ya kuuliza ipo, Mzee."

"Inamuuliza nani? Kwani humu ndani kuna mwenye mimba?"

Hapa ndipo ningemkamata Twalibu mabega nimtikise. Alihitaji maneno matatu tu: sijui maana yake. Mwalimu asingemcheka. Mzee Nassibu angerudia utani wake wa banda la kuku, na mambo yangeisha kwa chai. Lakini Twalibu aliona macho yote yakimgeukia, masikio yakamwaka moto, na kile kitu kitamu alichokuwa akikilamba miezi yote ile akakiona kinamponyoka.

"Mashine haiulizi jambo bila sababu, Mzee," akasema. "Nimeshawaambia haikosei."

"Basi ijibu."

Akaijibu. Kidole kilikwenda kule kilikozoea kwenda, kwenye herufi ya kwanza. Mashine ikatulia.

"Umechagua lipi?" akauliza Mzee Nassibu.

"La kwanza," akasema Mwalimu Damas, ambaye macho yake yalikuwa kwenye kidole.

Wageni walikaa kidogo, wakazungumzia mvua, wakaaga. Chai haikuletwa.

Twalibu alipoingia chumbani alimkuta Zamda ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono yote miwili tumboni.

"Ilikuuliza," akasema. "Na wewe ukajibu."

"Ile ni herufi tu, Zamda."

"Herufi ya nini?"

Swali dogo tu. Kusema sijui kulikuwa ni kusema sikusoma, na kusema sikusoma kulikuwa ni kuvua shati la Ulaya mbele ya mkewe. Tena, tusifichane, hofu ilikuwa imemwingia na yeye. Hakuwa na hakika kwamba mashine haikujua. Basi akasema lile ambalo hadi leo akilikumbuka hujifunika uso peke yake. "Hayo mambo ya kitaalamu," akasema, "wewe huwezi kuyaelewa."

Zamda hakulia wala hakugomba. Treni ya kwenda Mwanza ilipopita alipanda na kikapu chake, kurudi kwao Bukene. Bi Mwanajuma alimfungia karanga na chupa ya asali, akamsindikiza mpaka stesheni, na aliporudi alimpita mwanawe mlangoni kama anayepita nguzo.

Habari zikasambaa, na mlijue jina waliloipa mashine: kiharibu mimba. Wanawake waliopita mbele ya nyumba walihamia upande wa pili wa barabara, na wenye matumbo walivuta kanga mbele. Ghalani waliendelea kumwita Mtaalamu, lakini sasa walilisema wakitazamana. Twalibu akaacha kukaa barazani jioni. Akawa anatoka kazini anapita uchochoroni, anaingia kwake kwa mlango wa uani, mwanamume mzima.

Mashine nayo ikafa. Akiiwasha ilirudia yale maneno ya kupiga ufunguo wowote, na akipiga yakarudi yale yale. Mtu mwingine angeitupa. Bi Mwanajuma alishasema itupwe. Lakini Twalibu alikuwa na swali moja lililomkaa kooni, maneno yale yana maana gani hasa, na jibu lilikuwa ndani ya boksi lile. Akainama, akachomoa kitabu kinene cha mashine kilichokuwa kimeegemeza mguu mfupi wa meza. Tangu atoke nacho Uingereza hakuwahi kukifungua. Kiingereza chake kikamfikisha ukurasa wa pili, kikachoka.

Ikambidi avuke uwanja mpaka kwa Mwalimu Damas.

"Kamusi?" Mwalimu alimtazama. "Wewe ndiye unahitaji kamusi?"

"Nina maneno machache nataka kuyahakikisha," akasema Twalibu, bado anajitetea.

Mwalimu aliingia ndani akaileta. Hakumwuliza zaidi, wala hakutabasamu, na Twalibu aliona ingekuwa nafuu kama angemcheka.

Akaanza ukurasa wa kwanza. Alikuwa akirudi kutoka ghalani anakula, anakaa mezani na vitabu vyake viwili, anatafuta neno moja moja kama mtoto wa darasa la tatu. Polepole akaanza kuelewa vitu ambavyo alikuwa amewahutubia watu bila kuvijua. Kwamba ile mashine yenyewe haijui kitu. Kwamba ikiwashwa inakwenda kwenye disketi kutafuta maagizo ya namna ya kuamka, namna ya kusoma, namna ya kuandika, yale ambayo siku hizi wenyewe wanayaita mfumo endeshi. Ikiyakosa, inabaki sanduku linalovuma.

Kitabu kilishauri kutafuta ubovu kwa kuondoa sababu moja baada ya nyingine, na Twalibu akafuata. Akaangalia waya na soketi, maana umeme wa Tabora ulikuwa unapanda na kushuka. Mzima. Akajaribu disketi ya pili, ile ya mchezo wa mpira. Maneno yale yale. Disketi mbili haziwezi kuugua kwa pamoja, akajiambia, kwa hiyo ugonjwa uko kwenye mdomo unaozisoma. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaza jambo la kweli juu ya mashine yake.

Akachukua bisibisi, akafungua skrubu, akainua mfuniko. Harufu ikampiga usoni kabla hajaona kitu. Ubani. Vumbi lote mle ndani lilikuwa limegeuka kahawia, linanata, na palipo na kile kijichwa kidogo kinachogusa disketi palikuwa na utando kama masizi ya sufuria. Kijichwa chenyewe kilimkumbusha kile cha redio ya kaseti, ambacho kila mtu mjini alijua kukisafisha kwa pamba na spiriti pindi nyimbo zinapoanza kukokota. Spiriti aliiomba kwa jamaa wa zahanati. Akafuta, akafuta, pamba ikatoka rangi ya chai ya rangi.

Basi kumbe! Hasira ikampanda. Aibu yake yote, mke kuondoka, mji kumcheka, vyote vimetokana na chetezo cha Bi Mwanajuma! Akatoka na ile pamba mkononi, anakwenda kumwonyesha mama yake alichokifanya. Alimkuta kwenye msala, sala imekwisha, viganja viko juu. Alikuwa akimwomba Mungu amhifadhi Zamda na kilichomo tumboni mwake, akilitaja jina la Zamda mara kwa mara, machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Jina la mwanawe hakulitaja. Twalibu akaitia pamba mfukoni, akarudi ndani kwa kunyata.

Akarudisha mfuniko, akaingiza disketi ya kwanza, akawasha. Safari hii haikukoroma. Ilianza vizuri, ikasoma, kisha ikasimama na maneno mapya kabisa. Akayaandika kwenye karatasi, akafungua kamusi. Baya. Au kukosekana. Amri. La mwisho lilimchukua muda kulipata: mkalimani. Akayapanga. Mkalimani wa amri ni mbovu, au hayupo.

Akayatazama maneno yale. Akaitazama sebule, kiti alichokalia Mzee Nassibu, pazia ambalo nyuma yake Zamda alisimama na birika. Mtu mmoja tu katika nyumba ile alijifanya mkalimani kati ya watu na mashine. Aliona haya mpaka akageuza kiti akakipa kioo mgongo.

Kitabu kilieleza bila kumsuta mtu. Ndani ya disketi kuna faili ambalo kazi yake ni kupokea maneno ya mwenye mashine na kuyafikisha, kisha kurudisha majibu. Likiharibika, mashine nzima inaweza kuwa salama na bado isielewane na mtu yeyote. Dawa yake ni kulichukua faili zima kutoka disketi nyingine na kulinakili. Twalibu akaiamsha mashine kwa disketi ya mchezo, nayo ikaamka, maana mkalimani wake alikuwa mzima. Kisha akaanza kunakili. Mdomo ulikuwa mmoja na disketi mbili, basi ingiza hii, toa, ingiza ile, toa, kila mara inamwambia apige ufunguo wowote, naye anapiga bila kucheka. Alipomaliza akazima. Akawasha kwa disketi ile ya kwanza. Ikaamka bila tatizo.

Sasa akafanya alichokikusudia tangu mwanzo. Akachomoa disketi, akaacha mdomo wazi, akaiagiza ionyeshe orodha. Ikatafuta, ikakosa, na yale maneno matatu yakatokea. Akafungua ukurasa unaoyaeleza, akasoma mstari kwa mstari na kamusi pembeni. La pili, jaribu tena. La tatu, usijali, endelea. La kwanza, acha kazi hii, rudi ulipokuwa. Acha! Hilo tu. Lilikuwa neno la kuacha kazi katikati, kazi yoyote, na hakuna mimba ya mtu iliyotajwa. Akaruka kutoka kwenye kiti. Akamwambia mama yake kupitia dirishani kwamba anakwenda Bukene, na Bi Mwanajuma, kwa mara ya kwanza tangu ile siku, akamjibu. "Nenda," akasema.

Njia nzima ndani ya treni alikuwa mwepesi. Alijipangia maneno yake. Atamwambia Zamda hivi, atamweleza vile, Zamda atacheka, na watarudi wote kwa treni ya kesho. Alijiona amebeba dawa. Hakuna wakati nilipomhurumia Twalibu kama wakati huo.

Treni ilichelewa njiani, ikafika Bukene jua limeshatoka. Mzee Shomari alikuwa barazani kwake, gurudumu la baiskeli mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe, marahaba! Karibu sana!" Akasimama na kuweka gurudumu kando, uso unang'aa. "Huyu mtoto angetuambia unakuja tungekupokea stesheni. Sisi alituambia amekuja kupumzika tu, kazi zako zimekuwa nyingi." Akamgeukia jirani aliyekuwa anapita, akamsalimu kwa Kinyamwezi. "Mwangaluka! Hebu waite wenzako, mtaalamu wangu amefika!"

Twalibu alisimama kama aliyemwagiwa maji. Zamda hakuwaambia. Wiki zote zile alikaa hapa na hofu yake, akaulinda uongo wa mumewe mbele ya baba yake.

Alimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, anapeta mchele. Tumbo sasa lilionekana. Twalibu akachuchumaa mbele yake na kuanza kumwaga yote aliyoyapanga, ubani, pamba, kitabu, mkalimani, mpaka akafika kwenye lile neno. "Maana yake ni acha, Zamda. Acha kazi, basi. Mwalimu alisoma maana nyingine."

"Najua," akasema Zamda.

"Unajua?"

"Paskazia, nesi wa zahanati ya hapa, aliniambia nilipofika tu. Alisema ni neno la kukatisha jambo, lolote lile." Akaupiga ungo, makapi yakaruka. "Na mtoto ni mzima, amenipima."

"Mbona basi hukurudi?"

Zamda akauweka ungo magotini. "Siku ile, wewe uliijua hiyo maana?"

"Sikuijua."

"Mwalimu aliposoma alichosoma, ulimwamini?"

Twalibu alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa karibu kabisa, na hakuna ambaye angeweza kumbishia. Lakini Zamda alikuwa anamtazama usoni, na akaona kwamba amechoka kudanganya, amechoka mno.

"Nilimwamini," akasema.

"Ukabonyeza."

"Nikabonyeza."

"Kwa nini?"

"Mzee Nassibu alikuwa ananitazama."

Alipolisikia hilo kwa masikio yake mwenyewe alitamani ardhi immeze. Njia nzima alidhani amebeba dawa, kumbe alibeba ubovu wenyewe.

"Mimi sikuikimbia mashine, mume wangu," akasema Zamda. Akarudi kwenye mchele wake.

Barazani sauti ziliongezeka. Mzee Shomari akaita, na Twalibu akatoka. Walikuwepo wanaume wanane au tisa, wengine wamekuja na vigoda vyao, mmoja na jembe bado begani. Wakampisha akae katikati. Mzee Shomari akaweka mkono begani mwake.

"Ndiye huyu niliyekuwa nawaambia," akasema. "Hebu, mkwe, waeleze wenyewe. Huko Uingereza ulisomea nini hasa?"

Zamda alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba. Twalibu akamwona.

"Kupanga magunia ghalani, baba," akasema. "Yasishike unyevu."

Baraza zima likacheka. Mzee Shomari alicheka kuliko wote, akamtikisa bega, akawaambia wenzake mnaona, wasomi wa kweli hawajivuni. Ilikuwa rahisi kabisa kucheka nao. Midomo ya Twalibu ilikuwa imeshaanza. Akaifunga.

"La, baba," akasema. "Sifanyi mzaha. Kompyuta sikusomea. Niliwadanganya."

Kicheko kikapungua, kikaisha. Mwenye jembe akalishusha chini. Mzee Shomari akauondoa mkono wake taratibu, akautazama kama haujui, akaufuta kwenye suruali.

"Basi, mkwe," akasema kwa sauti ndogo, akijaribu kuufunika msiba ule mbele za watu. "Yamekwisha. Tuingie ndani tunywe chai."

"Mwacheni, baba," akasema Zamda kutoka mlangoni. "Hajamaliza."

Twalibu akainamisha kichwa, akaanza kuwasimulia juu ya Jumapili ile na kidole chake.